Maswali ya Wasomaji: Kibanda cha Mlimani na Farasi

Tuko watu sita, wote wa Kisumu. Desemba tunataka kulala siku mbili kwenye vibanda vya mbao upande wa Molo na kupanda farasi tukiwa na kiongozi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda, na mmoja ana kilo 104. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kisumu)

Anzieni kwa farasi, kibanda kitafuata. Farasi watulivu na saisi (mtunza farasi anayewaongoza wapandaji) anayeijua kazi yake ndio wagumu kupata, na shule zikifungwa siku zao hujaa mapema. Kabla ya kutuma arubuni, mpigieni mwenye farasi mumpe uzito na urefu wa kila mmoja, na mumwambie wazi kwamba nyote ni wageni wa tandiko.

Kilo msizipunguze kwa aibu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 basi atabeba kilo 90. Ondoa kilo 10 za tandiko, abaki mtu wa kilo 80. Mwenzenu anahitaji farasi wa kilo 570 hivi, na hao ni adimu, kwani si wachache wanaopandisha wageni huwa ni farasi waliostaafu mbio za Ngong, wenye miguu mirefu na mwili mwembamba. Akikosekana wa kumfaa, atembee na saisi kwa miguu. Farasi wa mwendo wa kawaida huenda kama kilomita 6 kwa saa, na akiwa na wageni huenda polepole zaidi. Mwenye farasi anayejibu "hakuna shida" bila hata kuuliza kilo, mwacheni.

Ulizeni pia kama kuna helmeti za saizi zote, na kama saisi atawashika kwa kamba wale waoga. Mkifika, mwombeni awaonyeshe mgongo wa farasi kabla hajatandikwa. Kidonda kibichi pale shingo inapokutana na mgongo ni ishara ya tandiko lisilomtosha, na farasi mwenye maumivu hupiga teke au hukataa kushuka mteremko. Madoa meupe ya nywele mahali hapo ni makovu ya zamani, yaulizieni.

Siku ya kwanza ni ya safari na mapumziko. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na Molo inakaribia 2,500, kwa hiyo baadhi yenu mtahema haraka au kuumwa kichwa kidogo. Pandeni asubuhi ya pili, kuanzia saa mbili na nusu, maana mvua za huko juu hupenda alasiri. Saa moja juu ya tandiko inatosha. Anayeng'ang'ania saa tatu siku ya kwanza kesho yake atashuka ngazi kinyumenyume.

Mwezi uliopita nilipanda farasi Naivasha. Robo saa haikuisha, tandiko likaanza kuteleza upande. Magoti nayo yaliniuma siku tatu. Kosa lilikuwa wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza ni mkanda unaofunga tandiko tumboni mwa farasi. Farasi wengi hujaza pumzi na kukaza misuli wanapofungwa. Wakishatembea kidogo wanalegea, na mkanda unalegea nao. Ndiyo maana saisi mzuri hufunga, humtembeza farasi, hukaza tena kabla hujapanda, kisha huwasimamisha wote baada ya dakika 10 akague upya. Unaweza kujipimia: pitisha vidole viwili bapa kati ya mkanda na mbavu. Viingie kwa kubanwa. Mkono mzima ukipita, usipande. Pandia juu ya gogo au jiwe pia, kwa sababu anayejivuta kutoka chini hulivuta tandiko lote kushoto.

Magoti ni rikabu fupi (vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko), karibu kila mara. Simama kando ya farasi, gusa kwa ncha za vidole pale ukanda wa rikabu unapotokea kwenye tandiko, kisha nyoosha ukanda kuelekea kwapani. Chuma cha kukanyagia kikifika kwapani, urefu uko karibu na sawa. Ukiwa juu, kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, kisigino kikiwa chini kidogo. Viatu viwe na kisigino cha sentimita 2 hivi ili mguu usipenye mpaka ng'ambo. Gambuti ziache nyumbani: nyayo zake nene hunasa kwenye rikabu, na mtu aliyenaswa huburutwa akianguka. Kwenye mwinuko inama mbele ushike manyoya ya shingo. Usijishikilie kwa hatamu, maana zinavuta mdomo wa farasi.

Kibandani kuna baridi usiku. Naweza kuingiza jiko la makaa? (Msomaji, Kericho)

Hapana, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa wakiwa wamelala. Washa moto kwenye meko yenye dohani inayovuta, na ombeni blanketi za ziada mkiweka nafasi. Maharagwe ya githeri loweka usiku kucha: kwenye mita 2,500 maji huchemka yakiwa nyuzi 91 au 92, na maharagwe makavu hukula kuni zote.

Binti yangu wa miaka 11 ana selimundu na anatamani sana kwenda na binamu zake. Nimruhusu? (Mama, Siaya)

Mama, mpeleke kwanza kliniki anayohudhuria, umweleze daktari kimo cha mahali na baridi yake. Oksijeni ikipungua, mwili ukipoa au maji yakipungua mwilini, maumivu makali yanaweza kuanza, na mlimani vyote vitatu hukutana. Daktari akikataa, tafuteni farasi mahali pa chini zaidi, na daktari akubali kimo hicho pia. Akiruhusu, safirini na dawa zake zote, anywe maji njiani bila kusubiri kiu, avae joto kabla hajaanza kutetemeka, na mjue mapema hospitali iliyo karibu na kibanda na gari litakalomfikisha huko usiku.