Kichocho: mkojo wa mchana au kipimo cha damu?

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 11 anatoa damu mwishoni mwa mkojo. Shangazi yake anasema anabalehe. Zahanati walimtoboa kidole, wakasema hana malaria. Mbona hawakuona kichocho? – Mama, Mtama

Marahaba, mama. Kile kilikuwa kipimo cha malaria, hakitafuti kingine. Minyoo ya kichocho inaishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, ila kwenye tone la kidoleni humkuti mnyoo wala yai lake. Mayai hutoka na mkojo. Mrudishe, apimwe mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Shangazi mwambie kwa heshima: hakuna mvulana anayebalehe kwa kukojoa damu.

Nalima mpunga Kitere. Nasikia kuna kipimo cha damu cha kichocho. Nikilipie?

Uliza kwanza ni kipi. Kipo kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa dhidi ya mnyoo. Tabu yake, askari hao hubaki kwenye damu miaka mingi baada ya minyoo kufa. Mtu aliyekulia bondeni kama wewe anaweza kuambiwa "unacho" ilhali alishapona zamani. Kinamfaa zaidi mgeni aliyeoga mtoni mara moja.

Wataalamu wanahangaikia kingine: kunasa uchafu ambao mnyoo hai huutapika kwenye damu. Minyoo ikifa, uchafu huo hutoweka baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo kinaonyesha ugonjwa wa leo, hata kama minyoo ni michache na mayai hayaonekani kwa hadubini. Lakini kinahitaji maabara yenye vifaa, na hadi sasa kinatumika zaidi kwenye utafiti. Kwa hiyo hela yako iweke, anza na mkojo.

Kweli kichocho huleta saratani? – Masasi

Kweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikiweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1994. Anayeharibu hasa ni yai. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, panavimba na kupata makovu miaka nenda rudi, mwishowe seli hubadilika. Si kila mgonjwa hufika huko. Ila mtu mzima anayeendelea kukojoa damu baada ya dawa asikae nyumbani; kibofu chake kichunguzwe hospitali.

Nilimeza kingatiba shuleni. Si imetosha?

Hapana. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa, haikukingi ukirudi kwenye maji yenye konokono wanaoeneza kichocho.

Nimesoma samaki wana minyoo ya saratani. Samaki aina ya changu je? – Mikindani

Hao ni samaki wa maji baridi wanaoliwa wabichi, Thailand na China huko, na saratani yenyewe ni ya njia za nyongo. Changu wa baharini endelea kula.