Miaka 15 Bila Pikipiki, Sasa Imefika ya Kilo 200

*Maswali ya wasomaji*

Jambo kwenu wa safu ya Njia na Magurudumu. Niliacha pikipiki mwaka 2009. Wakati ule nilikuwa na Yamaha DT 125, na hapakuwa na njia iliyonishinda, si Likasi, si Kasenga. Watoto wamekua, nimenunua Yamaha Ténéré 700 mpya ya mwaka 2024, imepitia mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Afrika Kusini. Siku ya kwanza, nikigeuka polepole mbele ya nyumba, imelala chini na mimi juu yake. Nina miaka 52. Je, ni uzee? Nianzie wapi?
*Baba wa watoto wanne, Kampemba, Lubumbashi*

Baba, si uzee. Mikono yako inakumbuka pikipiki nyingine. DT 125 ilikuwa na kilo mia na kidogo; hii, tanki likijaa lita 16, ina kilo 205, na kiti chake kiko milimita 875 kutoka ardhini. DT ilipoinama uliizuia kwa paja. Hii ikishapita pembe fulani, hakuna mguu wa mtu utakaoirudisha.

Kuanguka mbele ya nyumba kuna sababu moja inayorudi karibu kwa kila mtu: kushika freni ya mbele wakati usukani umekatwa na mwendo ni wa kutembea. Gurudumu linasimama, uzito unaingia upande ule usukani ulikoelekea, imekwisha. Katika mwendo mdogo tumia freni ya nyuma peke yake. Shikilia ambreyaji (klachi) nusu, gazi (kipini cha mafuta) kidogo isiyobadilika, na kwa mguu wa kulia kanyaga freni ya nyuma taratibu. Injini ikivuta na freni ikizuia, pikipiki inatulia. Ukitaka kusimama, nyoosha usukani kwanza. Na macho yaende pale unapotaka kufika. Ukitazama gurudumu la mbele unalifuata mpaka chini.

Jambo la pili ambalo DT haikukufundisha ni injini kuzuia. Ile ya mipigo miwili ukifunga gazi iliteleza tu kama baiskeli. Hii ina silinda mbili, mipigo minne, sentimita za ujazo 689: ukifunga gazi ghafla kwenye gia ya pili, ni kama umekanyaga freni ya nyuma. Kwenye lami utasukumwa mbele kidogo. Kwenye udongo mwekundu uliolowa wa mwezi wa Januari, nyuma inatoka. Kwa hiyo fungua na funga gazi polepole, na unaposhuka gia achia ambreyaji taratibu.

Kabla ya mazoezi, tengeneza pikipiki ikae kwa mwili wako, kwa sababu imetoka kiwandani kwa mwili wa mtu mwingine. Zungusha mikono ya freni na ambreyaji ishuke kidogo, ili ukisimama juu ya vikanyagio kifundo cha mkono kisipinde. Kisha pima amortisa (shokabzoba) ya nyuma. Watu wawili wainue nyuma mpaka gurudumu lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama moja kwenye mkia. Halafu ukae juu na mavazi yako yote, wapime tena. Amortisa hii ina mwendo wa milimita 200, na tofauti inayotakiwa ni karibu theluthi moja, yaani milimita 60 hivi. Ikizidi sana, kaza springi kwa kile kirungu cha mkono, ikipungua, legeza. Ukibeba abiria au mizigo, upime upya.

Mazoezi yenyewe yafanywe Jumapili asubuhi mapema, mahali palipo wazi, Jumapili nne au tano, ndipo uingie mjini. Saa moja inatosha. Mtu aliyechoka hujifunza makosa. Chora namba nane katika eneo la mita sita kwa kumi na mbili, uizunguke mpaka usiweke tena mguu chini. Halafu freni. Anza na kilomita 30 kwa saa, simama mara ishirini. Freni ya mbele haivutwi kwa mpigo mmoja: kwanza unaigusa mpaka uma wa mbele ushuke na tairi libane ardhi, halafu unakaza kwa nguvu. Nenda 40, kisha 50.

Uelewe hesabu hii. Kwa kilomita 50 kwa saa unapita mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, pamoja na mita 14 hivi za kufunga freni vizuri kwenye lami kavu, ni mita 28. Kwenye vumbi au changarawe, kufunga peke yake kunafika mita 24 au zaidi. Kwa kilomita 80, kwenye vumbi, jumla inapita mita 80. Ndiyo maana tunakuomba usiingie njia ya Likasi kati ya malori ya shaba kabla mikono haijarudi.

ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokaza freni, iache ikiwaka katika mazoezi hayo yote. Pikipiki yako ya 2024 ina hali tatu: ABS mbele na nyuma, nyuma pekee imezimwa, au zote zimezimwa. Mlima wa changarawe unaoshuka ni mahali pa kuzima ya nyuma, kwa maana ABS huachia gurudumu kila linapotaka kufunga, na kwenye mawe yaliyolegea linakuwa linafunga kila wakati. Pikipiki inaendelea kushuka tu. Kuzima ya mbele, hapana, si kwa mtu anayerudi.

Tairi mpya zinateleza kwa kilomita mia za kwanza, usiinamishe sana. Injini mpya isivutwe mpaka mwisho, wala isikae muda mrefu kwenye mzunguko mmoja. Ikifika kilomita 1000, oili na filta vibadilishwe hata kama oili inaonekana safi, kwa sababu chembe za chuma za mwanzo ziko ndani yake.

Na kaske (helmeti) yako ya 2009 itupe, Baba, tunakusihi. Ni ya miaka mingi, na siku ya ajali huwezi kuitegemea. Nunua yenye herufi E ndani ya duara na namba ya 22.05 au 22.06, ikubane mashavu, na ukiwa umefunga kamba mtu akijaribu kuivua kutoka nyuma isitoke.

Mimi ni mwanamke wa mita 1 na sentimita 60. Nataka pikipiki kama hiyo lakini miguu haifiki yote miwili. Fundi ananiambia atashusha nyuma. Nikubali? Na ikianguka nitaiinuaje peke yangu?
*Mama wa Bel-Air*

Mama, usikubali nyuma peke yake. Ukishusha nyuma bila kushusha mbele kwa kiasi hicho hicho, uma unalala, usukani unakuwa mzito kwenye kona, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi: pikipiki inasimama wima na upepo tu unaiangusha. Anza na kiti cha chini. Halafu jifunze kusimama kwa mguu mmoja: sogeza kiuno upande wa kushoto wa kiti, mguu wa kushoto ushuke wote, wa kulia ubaki kwenye freni ya nyuma. Chagua pa kusimama. Kama njia imeinama, mguu ushuke upande wa juu. Waendeshaji wengi wafupi wanaishi hivyo.

Kuinua ni ufundi wa miguu. Zima kwa swichi nyekundu, tazama kama esansi (petroli) inavuja. Kama imelala upande wa kulia, kwanza fungua stendi ya pembeni, la sivyo utaiinua na kuimwaga upande wa pili. Iweke gia ya kwanza ili magurudumu yasitembee. Kata usukani mpaka mwisho kuelekea ardhini, geuka uipe mgongo, makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma. Nyoosha mgongo, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo. Ikikataa kuwaka baada ya hapo usimwite fundi: kuna kihisi kinachozima injini pikipiki ikilala. Zungusha ufunguo uzime, uwashe tena.

Ba yaya, nataka kwenda maporomoko ya Lofoi, Kundelungu, na pikipiki ya aina hiyo hiyo. Mara mbili nimepasua mpira wa ndani wa nyuma kwenye vumbi, na mara ya pili niliupasua ule mpya wakati wa kuuvalisha. Nakosea wapi?
*Kijana wa Katuba*

Ndugu yetu mdogo, tazama mpira uliopasuka, utakujibu. Tundu moja ni msumari au mwiba. Matundu mawili yanayotazamana ni rimu: iligonga jiwe na kuubana mpira katikati. Tunadhani ni hili la pili, kwa sababu vijana wengi wanasikia kwamba vumbini hewa inapunguzwa, wanaipunguza sana, halafu wanakimbia 90.

Kwenye lami, tairi likiwa baridi: bari 2.2 mbele na 2.5 nyuma. Ukiingia vumbi la kawaida: 1.8 na 2.0. Mchanga mzito: 1.5, na mwendo wa taratibu. Usishuke chini ya hapo, maana rimu hizi za spoki hazina kibano cha kushika tairi. Hewa ikiwa ndogo, tairi linazunguka kwenye rimu, linaukokota mpira na vali inakatika shinani. Ile nati ndogo ya vali usiikaze kwenye rimu. Ipandishe ibanane na kifuniko. Hapo vali ikianza kulala utaiona na kujua mpira unahama, kabla haijakatika.

Sasa kuvalisha, kwa maana hapo ndipo mipira mipya inakufa. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole ndani ya tairi lote, polepole. Mwiba uliotoboa wa kwanza mara nyingi bado umo. Jaza mpira hewa kidogo tu upate umbo la duara, ili usijikunje. Paka tairi maji ya sabuni. Anza upande ulio mbali na vali, umalizie kwenye vali, ukiisukuma vali juu ili mpira usibanwe chini ya ukingo. Siri yote iko upande wa pili: magoti yako yashikilie ukingo wa tairi ndani ya bonde la katikati ya rimu. Ukiuacha ukingo utoke nje ya bonde, sentimita kumi za mwisho zinakuwa ngumu, unatumia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma ncha ya chuma cha kuvalishia tairi ndani ya mpira. Vyuma viingie kidogo, sentimita tano kwa hatua. Tairi likishinda nguvu zako, rudi kwenye bonde.

Beba vyuma vitatu, viraka na gundi ambayo haijakauka, pampu ya mkono hata kama una ya umeme, na mpira wa ndani wa inchi 21. Ule wa mbele unaweza kuingizwa nyuma kwenye inchi 18 ukakurudisha nyumbani kwa mwendo wa pole; wa nyuma hauingii mbele. Na nyumbani, kabla ya safari, hakikisha funguo zako zinafungua ekseli zote mbili.

Kwenye mawimbi ya barabara simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tanki, mikono ilegee. Baada ya kilomita 200 za kutikisika, gonga kila spoki kwa spana: inayotoa sauti butu imelegea.

Esansi: vumbini hesabu lita 5.5 kwa kilomita 100, kwa hiyo tanki ni kilomita 290, si 350 za lami. Ukinunua kwa Kadhafi, mchuuzi wa esansi wa kando ya njia, ipitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, na uache kidole kimoja cha mwisho chini ya bidoni, kwani maji hukaa pale. Pampu ya injeksheni iko ndani ya tanki, na haisamehi uchafu kama kabureta.

Nikivuka Kasumbalesa kwenda Kitwe, nihitaji nini zaidi ya pasipoti?
*Msomaji wa Kipushi*

Karatasi za pikipiki kwa jina lako, perimi (leseni ya kuendesha), na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayolipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Huku Kongo tunaendesha kulia, Zambia ni kushoto. Hatari haiko mpakani, ambako malori yanakuonyesha upande. Iko asubuhi ya pili, ukitoka kituo cha esansi na njia ni tupu, mkono unakurudisha kulia wenyewe. Bandika kipande cha utepe upande wa kushoto wa kioo cha upepo, na ukirudi Kasumbalesa ukitoe.