Kumpenda Mvietnam ukiwa Mtwara: anza na kalenda, simu itafuata

Tarehe 20 Oktoba 2024 ilikuwa Jumapili, lakini msimu wa korosho hauijui Jumapili. Nilikuwa ghalani Masasi tangu asubuhi, tunakata sampuli. Unachota korosho ghafi kidogo kidogo kutoka magunia tofauti mpaka itimie kilo moja, unazipasua moja moja, unatenga nzima, zenye madoa na zilizooza, halafu unapima. Ukimaliza, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda. Simu niliiacha kwenye gari. Nilipoishika saa kumi na mbili jioni nikakuta ujumbe mmoja tu wa mpenzi wangu wa Vietnam, wa saa tano asubuhi: "Anh ăn cơm chưa?" Umeshakula? Nikajibu nimekula, nimechoka, nakwenda kulala. Nikaweka na kopa jekundu. Akajibu "không sao", yaani haina shida.

Nilichukua siku nne kujua kwamba shida ilikuwepo. Dada yake ndiye aliyepasua jipu. 20 Oktoba ni Siku ya Wanawake wa Vietnam. Si ile ya 8 Machi, ambayo nayo wanaiadhimisha. Hii ni ya kwao wenyewe, na mwanamume anayeisahau hana utetezi. Maua yanauzwa mpaka pembezoni mwa barabara. Kiwandani anakofanya kazi wanaume wanachangishana kuwanunulia wenzao wa kike keki. Yeye alishinda siku nzima anatazama wenzake wakipokea maua, akavumilia, akaniuliza kama nimekula. Ule ulikuwa mlango kanifungulia, mimi nikapita nje.

Niliishi mkoa wa Bình Phước tangu 2022 hadi katikati ya 2024. Kwa wanaouza korosho jina hilo halihitaji maelezo. Vietnam inaongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na mali ghafi yake nyingi inatoka nje, pamoja na huku kwetu Kusini. Mnunuzi mmoja alinipeleka nikakae kiwandani kuangalia ubora wa mizigo ya Mtwara. Mpenzi wangu alikuwa meza ya madaraja pale pale, anapanga kokwa nzima na vipande. Mkataba wangu ukaisha, nikarudi, na tangu hapo kati yetu kuna bahari.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaokwenda kule, wengi kufundisha Kiingereza, wananiuliza swali lile lile: mnaongea mara ngapi kwa siku? Nawaambia wameuliza swali la pili. La kwanza ni hili: unajua kwao kuna nini mwezi ujao?

Lakini tuimalize simu. Vietnam wako mbele yetu kwa saa nne. Ukisema utampigia ukishatulia usiku, saa tatu yako ni saa saba usiku kwake, na zamu yake inaanza asubuhi na mapema. Miezi miwili tuliongea hivyo, yeye anasinzia kwenye kamera, mimi najisifu kwamba tunaongea kila siku. Dirisha letu sasa ni saa kumi alasiri ya Mtwara, ambayo kwake ni saa mbili usiku, ameshaoga na ameshakula. Dakika ishirini, zinatosha. Na ukiandika saa, andika kwa tarakimu za saa ishirini na nne. Mimi nilimwandikia "saa 2" kwa akili ya Kiswahili, akaamka saa nane usiku kunisubiri. Halafu pakua Zalo. WhatsApp kule ni ya kuongea na wageni. Ukoo mzima uko Zalo, na siku utakapoingizwa kwenye kundi la familia yao ujue umepiga hatua kubwa kuliko kuambiwa "nakupenda".

Lugha. Kivietnam cha kusini kina toni tano, cha kaskazini sita, na masikio yetu ya Kiswahili hayakulelewa kwenye toni. "Ba" ya sauti tambarare ni baba. "Bà" ya sauti inayoshuka ni bibi. Siku ya kwanza kufika kwao nilimsalimia mzee kwa heshima zote nikamwita bibi, mbele ya majirani. Alicheka mpaka akaweka glasi chini. Ila kuna upande ambao sisi tunaanza mbele kuliko Wazungu wote niliowakuta kule. Kivietnam hakina "wewe" wala "mimi" za kumtosha kila mtu. Unajiita na unamwita mwenzako kwa nafasi zenu: kaka, dada, mdogo wangu, shangazi, mwanangu. Ndiyo maana Mvietnam anakuuliza umri kabla hajakuuliza kazi. Bila umri hajui aseme nini. Mtu aliyelelewa na shikamoo haoni ajabu hapo. Wapenzi wanaitana "anh" na "em", kaka na mdogo mtu. Kwa mama yake mimi ni "con", mtoto, na kila jibu naanza na "dạ", ambayo nikiitafutia Kiswahili napata naam ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Jifunze maneno hayo kumi kabla ya kujifunza kusema mapenzi. Mapenzi yeye ameshayajua. Wanaotaka kuyaona ni wazazi.

Nyumbani wanamwita Út. Kusini mwa Vietnam kila mtoto ana jina la zamu yake, na cha ajabu kifungua mimba haitwi Moja, anaitwa Hai, yaani Mbili. Kitinda mimba ni Út. Ukimpenda Út jiulize mapema nani anakaa na wazazi, maana mara nyingi mdogo wa mwisho ndiye anayebaki nao. Mimi nilijiuliza kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nyumba ya Mtwara, pikipiki, hata shule ya mtoto, na siku nilipomweleza akanyamaza, kisha akaniuliza mama atapikiwa na nani. Mazungumzo hayo hayajaisha mpaka leo. Tunayarudia kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara yanasogea kidogo.

Sasa Tết, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi. Kama una nauli ya safari moja tu kwa mwaka, usiende Juni kwa sababu tiketi ni rahisi. Nenda Tết. Mwaka wangu wa kwanza, 2023, tulikuwa bado hatujaelewana, nikabaki chumbani peke yangu nikila tambi za pakiti siku tatu, kwa sababu mji mzima umefunga na kila mtu amekwenda kwao. Mwaka uliofuata nikajiona mwenyeji. Asubuhi ya tarehe 10 Februari 2024 nikavaa vizuri, nikawasha pikipiki, nikafika kwao mapema ili niwe wa kwanza kuwasalimia. Mama yake aliniona getini, akatoka mbio na kanga yake ya jikoni, mikono yote miwili imenyooka mbele kama mtu anayezuia gari. Nikadhani kuna msiba.

Kumbe mtu wa kwanza kukanyaga nyumba mwaka mpya ndiye anayeileta bahati ya mwaka mzima, njema au mbaya, na mtu huyo huchaguliwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Walikuwa wanamsubiri mjomba. Nilisimama nje karibu saa nzima, napewa chai juu ya geti, mpaka mjomba akafika akaingia, ndipo nikakaribishwa. Nikapewa bahasha nyekundu ya pesa kama watoto, na mimi umri wangu ule. Ndani, juu ya kabati, kuna madhabahu ya wahenga yenye picha za babu na bibi, matunda na ubani. Mimi Mwanglikana wa Masasi. Sikushika ubani, nilisimama nikainamisha kichwa kama ninavyofanya makaburini kwetu. Hakuna aliyenuna. Walichokuwa wanaangalia ni kama nitapita mbele ya wazee wao kana kwamba hawapo. Uliza pia tarehe za kumbukumbu za vifo vya hao wazee, "giỗ", uziandike. Siku hizo familia nzima inakula pamoja, na simu yako ya dakika tano ikipigwa siku hiyo ina uzito wa mwezi mzima wa jumbe.

Na kama utalala kwao, mwenyeji anatakiwa kukuandikisha polisi kwa pasipoti yako. Mpe pasipoti bila kununa. Si kwamba hawakuamini. Ndiyo utaratibu wa mgeni yeyote.

Niseme la rangi, kwa sababu mtaulizwa. Kijijini kwao watoto walinisugua mkono kuona kama rangi inatoka. Shangazi yake mmoja alisema wazi kwamba nitampeleka mtoto wao mahali pasipo na umeme. Zaidi ya hapo, polisi wa kule wamekuwa wakitoa onyo kuhusu matapeli wa mtandaoni wanaojifanya wapenzi wa nje, wanaodai wametuma kifurushi cha zawadi kisha wanaomba pesa ya forodha. Baba yake alikuwa amezisikia habari hizo. Nilipoondoka 2024 hofu yake ikawa kwamba sasa nitageuka kuwa sauti ya kwenye simu inayoomba pesa. Dawa ya hofu hiyo haikuwa maneno yangu. Mama yangu ndiye aliyeitibu.

Niliwaunganisha kwa simu ya video, mama wa Masasi na mama wa Bình Phước, hawana hata neno moja la pamoja. Wangu akageuza simu akamwonyesha sufuria. Wa kule naye akaonyesha yake. Wangu akatoka nje akamwonyesha mkorosho, wenye mabibo mekundu. Yule wa kule akapiga kelele, akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na simu imeelekezwa juu: mkorosho. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake mti ule ule, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Kivietnam cha kusini kina jina la bibo linalosema ni tunda lililopindua mbegu. Tangu siku ile shangazi hajarudia habari ya umeme.

Kwa hiyo mpe mama yako hiyo simu mapema. Usimfiche ukisubiri "mambo yakae sawa". Kwao mtu asiye na wazazi wanaoonekana ni mtu wa mashaka, na kwetu pia.

Pesa nitasema kwa kifupi. Akiwatumia wazazi wake sehemu ya mshahara, huo ndio utoto mwema kwao, usianze kuhesabu. Akikuomba wewe kila wiki, na hujawahi kuona sebule ya kwao, hilo ni jambo lingine. Kukadiria bei, kata sifuri moja kwenye dong, pesa yao, unakaribia shilingi yetu.

Karatasi ndizo zinazovunja wengi. Kwenda huku na huku si tatizo: tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni ya Vietnam inakupa hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Tatizo ni ndoa. Utatakiwa cheti kwamba huna ndoa nyingine, na karatasi ya hospitali kwamba huna ugonjwa wa akili. (Mama alipoisikia hiyo ya pili alisema mwenye akili timamu asingeenda kuoa huko.) Kosa langu lilikuwa kuharakia cheti kwanza. Kinahesabiwa miezi sita tu, na bado kuna kukihalalisha ubalozini kwao Dar na kukitafsiri. Changu kilikufa mezani nikisubiri likizo. Anza na likizo, kisha hesabu kurudi nyuma. Halafu Julai 2025 Vietnam ikafuta ngazi ya wilaya na kuunganisha mikoa, Bình Phước ikamezwa na Đồng Nai, na ndoa za wageni zikashushwa kusajiliwa kwenye ofisi za chini, sawa na kata kwetu. Út hajahama hata hatua moja lakini anuani yake imebadilika. Maelekezo yoyote ya kabla ya hapo, hata ya rafiki aliyefanikiwa, yahakikishe upya.

Posa yenyewe haitakusumbua ukitoka pwani. Sinia zilizofunikwa kitambaa chekundu, mzee wa kuzungumza kwa niaba yako, na sinia ya kwanza kabisa ni tambuu na popoo. Nilipoziona picha za dada yake nilidhani ni harusi ya Mikindani. Mimi mshenga wangu bado namtafuta. Kuna Mtanzania mmoja mtu mzima anaishi Sài Gòn, tunaongea.

Jumapili iliyopita saa kumi alasiri nilipiga kama kawaida, akapokea baba yake. Akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikasema 1986. Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole, midomo inacheza, kisha akasema "Dần", mwaka wa chui milia. Mwaka unaoingia tarehe 17 Februari 2026 ni wa farasi, na wawili hao wanapatana. Akasema maneno mengi kwa haraka, nikakamata machache. Út akachukua simu, anacheka, akaniuliza tiketi yangu ni ya tarehe ngapi. Baba anataka mwaka huu niwe wa kwanza kuingia mlangoni.

Nimekata ya tarehe 13, kupitia Doha. Maagizo nimeshapewa: nisifike kabla ya saa moja asubuhi, na shati lisiwe jeusi wala jeupe.