Hesabuni Watu Kabla ya Mshahara

Wiki hii mmetuuliza: familia inayotaka kuhamia nchi nyingine ilinganishe vipi gharama za matibabu na za maisha? Mimi nasema ianze kwa kuuliza bima inamkinga nani nyumbani. Mshahara na kodi ya nyumba vifuate baadaye, kwa sababu namba hizo mbili ndizo zinazowapoteza watu wengi.

Chukueni Ujerumani na Uswisi, nchi jirani. Ujerumani mchango wa bima ya umma hukatwa kwenye mshahara, asilimia 14.6 na nyongeza kidogo inayopangwa na mfuko wa bima wenyewe, na mwajiri hubeba nusu. Mwenza asiye na kipato na watoto wanaingia humo humo bila kuongezewa hata senti. Uswisi, ambako bima imekuwa ya lazima tangu 1996, kila mtu analipiwa ya kwake, hata mtoto mchanga, na kiwango hakipimwi kwa kipato. Kwa mseja mwenye mshahara mnono hilo si tatizo. Wenye watoto watatu wanalipia bima tano kila mwezi.

Uingereza nako wengi husikia neno "bure" wakaishia hapo. Ni kweli, tangu 1948 mgonjwa haulizwi pesa mlangoni. Ila mhamiaji hudaiwa ada ya afya pamoja na viza: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na miaka yote ya viza hulipwa kwa mkupuo. Wazazi wawili na watoto wawili, viza ya miaka 3, ni pauni 10,866 kabla hawajapanda ndege. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa, wengine wajiandae.

Marekani ndiko kunakohitaji penseli. Ukiwa na bima bado kuna kiasi unachojilipia mwenyewe kabla haijaanza kuchangia, na aghalabu kiasi hicho huanza upya kila Januari. Mama aliyeshika mimba Juni atajifungua Machi: vipimo vya mwanzo vinaangukia mwaka mmoja, uzazi unaangukia mwingine, na mama anaanza kujilipia upya. Mtoto akishatoka, naye ni mgonjwa mwenye ankara yake. Kisha kuna likizo ya uzazi. Sheria ya taifa ya 1993 inampa mzazi wiki 12 bila malipo, tena si kwa kila mfanyakazi. Uswidi wazazi wanagawana siku 480 za malipo, na ada ya chekechea ina ukomo unaofuata kipato. Hiyo miezi ya Marekani isiyo na mshahara ni gharama ya maisha sawasawa na kodi ya nyumba, na inaniuma kuona haimo kwenye hesabu za watu.

Kwa hiyo pigeni hesabu mbili: ya mwaka ambao hakuna anayeugua, na ya mwaka wa kujifungua au kulazwa. Kabla ya kusaini, mwombeni mwajiri maelezo ya bima kwa maandishi, mtafute ukomo wa juu ambao familia inaweza kudaiwa kwa mwaka. Na muulize kazi ikikatika bima inakoma lini: siku hiyo hiyo, mwisho wa mwezi, au, kama ilivyo Uingereza, matibabu hayafungamani moja kwa moja na ajira.