Waya njo ilivunja makadamia yangu, hapana upepo

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa huku Bukavu haipigi hodi. Udongo imekauka miezi mitatu, kisha siku moja mawingu inakuwa nyeusi upande wa ziwa na upepo inafika mbele ya maji. Miye ilinikuta na miti 30 ya makadamia (ile ya kuzaa njugu ya ganda ngumu) ku kilima kule Kabare, ya miaka 4, na asubuhi 7 ilikuwa chini.

Nililaumu upepo kwanza. Kisha nikainama nikaangalia vizuri, kumbe 5 imekatika pahali pamoja, pale pale nilifunga na waya ku kijiti. Nilikaza sana nikasahau, muti ikanenepa, waya ikaingia mu ganda paka ikafanya kama kiuno cha nyigu. Baba mukwe yeye anafunga na maganda ya mugomba, analegeza, anazungusha kama namba 8 kati ya muti na kijiti, muti inachezacheza kidogo na shina inakuwa ngumu. Yake hata moja haikuanguka. Alinicheka polepole, nikanyamaza, kwa mukwe utasema nini.

Zile 2 zingine ziling'oka na mizizi. Makadamia mizizi yake mingi inabaki juujuu, tena mbao yake inavunjika kirahisi, donk kama matawi imebanana inashika upepo kama tanga. Saa hii ninapunguza ya ndani, na pale matawi mbili inasukumana mu pembe nyembamba ninaondoa moja ingali ndogo, juu pale njo panapasuka.

Na kuhusu kukinga upepo, nilitaka kupanda miti ya grevilea zimebanana kama ukuta. Hapana, upepo inaruka ukuta na kuanguka nyuma yake na nguvu, afazali ipite kama nusu. Safu inakinga karibu mara 10 ya urefu wa miti yake kwenda juu, basi ya meta 10 inafika kama meta 100. (Mikaratusi batu banapenda sana huku, miye hapana, inakunywa maji ya jirani yote.)

Kama imekwisha kuanguka, usingoje. Tawi yenye kupasuka kata safi na musumeno, na shina yenye jua imeanza kuchoma, upake chokaa. Zile 2 zenye kung'oka, moja nilisimamisha siku ile ile, nikafunika mizizi, nikapunguza matawi, nikafunga na maganda ya mugomba. Ya pili nilingojea paka juma ikaisha, ikawa kuni. Ile ya kwanza mwaka huu imetoa maua.