Barua kwa mwanangu: bati moja, mihuri minane

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kihonda sote wazima, ila mvua ndiyo imegoma. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikichambua mchele. Unasema kila Januari unaandika malengo, ikifika Machi hata daftari hujui liliko, na unaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa unajuaje kama unasonga mbele?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Tuanze na orodha yako. Mambo sita: kupunguza uzito, kiwanja, Kiingereza, kuamka saa kumi na moja, kujiendeleza kielimu, kumjua Mungu zaidi. Na kumjua Mungu nako ile programu ya malengo kwenye simu inakupa nyota! Haya, hilo namwachia mchungaji wako. Kwa hayo matano nina swali moja tu. Ungekatazwa kumwambia mtu yeyote, hata mimi, na usipige hata picha moja, ungebaki na lipi?

Lengo langu la mwaka 2012 sikulitoa kwenye orodha. Unakumbuka masika ile, tulivyokuwa tukivuta kitanda kutoka kona hii kwenda ile, sufuria zote zimetegwa sakafuni? Ulikuwa darasa la tano. Fundi akaja, akapima, akasema mabati 24. Bati moja dukani lilikuwa 16,000. Piga hesabu: 384,000. Muuza vitumbua akitajiwa hela hiyo anacheka tu, na mimi nilicheka.

Kilichoniokoa ni kitabu cha hisa cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Yule dada aliyetufundisha alituambia utaratibu ule ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na akina mama wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila Jumamosi unanunua hisa, moja hadi tano, na kila hisa inagongwa muhuri kitabuni. Kwetu hisa ilikuwa 2,000. Nikakaa usiku na kibatari nikagundua kitu: mihuri minane ni bati moja. Basi nyuma ya jalada, kila ikitimia minane nachora mstari. Laki tatu na themanini sikuiwaza tena, nilikuwa nawaza mstari unaofuata. Kwa hisa nne kwa wiki nilihitaji Jumamosi 48, na mzunguko wetu ulikuwa wa Jumamosi 52. Zile nne nilizitenga makusudi kwa homa, misiba na michango ya shule yako. Wewe kwenye mpango wako sioni hata siku moja ya kuumwa.

Sasa nikwambie nilipoharibu. Kikundini ukinunua hisa wote wanasikia. Biashara ikalegea, nikaona aibu kutaja hisa moja mbele ya watu waliozoea kunisikia nikitaja nne. Jumamosi tano mfululizo nikanunua hisa tano tano kwa kukopa kwa jirani. Wenzangu walinipigia makofi! Kitabu kilikuwa kinapendeza kweli, mistari mitatu mipya, huku nina deni la 50,000, yaani mabati yale yale matatu na chenji. Ni wewe uliyenishtua. Uliuliza, "Mbona mama jirani siku hizi anakuja kila jioni na hakai?" Usiku huo nikaandika deni pembeni ya ile mistari, ukurasa ule ule, ili jicho lisione kimoja bila kingine. Nikarudi kwenye hisa mbili, wiki nyingine hisa moja tu, hadi deni likaisha. Ilikuwa miezi mirefu.

Kwa hiyo nikirudi kwako: "kujiendeleza kielimu" ni maneno ya mabango ya uchaguzi. Ninachokijua mimi ni ile simu ya mwaka jana, umetoka zamu ya usiku hospitalini, unalia kwamba wenzako wanaenda kusoma stashahada ya uuguzi na wewe umezuiwa na F ya Fizikia ya kidato cha nne. Hapo ndipo panapovuja. Andika hivi: Fizikia, mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba. D inaanzia alama 30.

Na usihesabu saa ulizokaa na kitabu. Saa hizo ni sawa na mihuri yangu ya mkopo, zinajaa huku umesinzia. Kila Jumamosi chukua mtihani mmoja wa miaka iliyopita, uufanye kwa muda wa saa tatu kamili, kitabu kimefungwa, simu iko chumba kingine. Mtafute mwalimu akusahihishie, usijisahihishie mwenyewe, utajihurumia. Ukipata 12, andika 12 kwa wino. Ikibaki 12 wiki nne, usiongeze saa. Angalia ni mada gani inakula alama. Nina wasiwasi ni umeme, tangu shule ulikuwa unaikimbia. Pembeni ya alama andika umelala jumla ya saa ngapi wiki hiyo, kwa sababu wewe unakopa kwenye usingizi. Muuguzi mwenye usingizi atakosea dozi ya mtu.

Kiwanja na Kiingereza vitasubiri. Uzito wako mimi sijauona.

Siku ya mgawo, mzunguko ulipoisha, pamoja na faida ya mikopo, nilipata hela ya mabati 22. Mawili yaliyopungua nilinunua makuukuu kwa fundi, yakaenda jikoni. Ndiyo hayo yenye kutu unayonisema kila ukija, na siyabadilishi.

Mtihani wa kwanza ukishasahihishwa nipigie picha unitumie, hata kama ni 12.

Mama yako