Maswali ya Wasomaji: Chennai, Polisi na Wazazi Wanaomdai Binti Yao

SWALI: India ilifuta kosa la mapenzi ya jinsia moja mwaka 2018. Mbona bado tunasikia wasichana wa Tamil Nadu wanatoroka kwao na kusakwa na polisi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu mzazi hakukihitaji kifungu cha 377, kile kilichofanya mapenzi hayo kuwa kosa, hata kabla ya Mahakama ya Juu kukikata makali tarehe 6 Septemba mwaka huo. Anakwenda kituoni, anasema binti yake amepotea, jalada linafunguliwa. Akijua binti yuko na nani, anaongeza utekaji nyara au wizi wa dhahabu.

Yaliwakuta wanawake wawili waliotoka mji wa Madurai kukimbilia Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu. Kesi yao ilifika kwa Jaji N. Anand Venkatesh wa Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai), ambaye kabla ya kuamua aliomba mwenyewe kuelimishwa na mwanasaikolojia. Majaji wangapi hufanya hivyo? Juni 2021 aliagiza kwamba polisi wakishathibitisha kuwa wahusika ni watu wazima na wako pamoja kwa hiari, walifunge jalada bila kuwasumbua. Alipiga marufuku pia ile inayoitwa tiba ya kubadili mapenzi. Mwaka 2022 serikali ya jimbo ikaingiza katika kanuni za mwenendo wa polisi katazo la kuwabughudhi watu hawa na wanaharakati wanaowasaidia.

SWALI: Nina mwenzangu kazini, Mtamil, dada yake yuko kwenye hali hiyo. Ajiandae vipi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Kwanza umri. Kama hajafika miaka 18, asiondoke na mwenzake: shtaka la utekaji nyara litasimama, na atakayeumia ni huyo mwenzake. Akiwa mtu mzima, achukue kadi ya Aadhaar (kitambulisho cha India), cheti cha darasa la 10 (ndicho kinachokubalika haraka kuthibitisha umri), pasipoti na kadi ya benki. Avitoe nyumbani mapema, kwa sababu familia ikianza kushuku, nyaraka ndizo zinazofichwa kwanza. Asibebe hata bangili moja ya dhahabu ya mama yake.

Siku anayoondoka, aandike barua fupi: jina, umri, kwamba ameondoka kwa hiari yake, hajapotea wala hajatekwa. Nakala moja iende kituo cha polisi cha kwao, nyingine kituo cha anakohamia, zote kwa posta ya haraka (Speed Post), na risiti azitunze. Anwani kamili ampe wakili, asiiandike kwenye barua inayokwenda nyumbani. Polisi wakitaka kumhoji kama shahidi, sheria haimlazimishi mwanamke kwenda kituoni. Wamfuate anapoishi, wakili akiwepo. Mambo huharibika pale anapoitwa "kuongea kidogo tu", akafika na kukuta wajomba wamejaa chumbani.

Akirudishwa kwa nguvu, mwenzake au rafiki anaweza kufungua Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, yaani la kutaka anayezuiliwa aletwe mbele ya jaji. Machi 2024 Mahakama ya Juu ilielekeza maombi ya aina hii yasikilizwe kwa haraka, jaji azungumze na mhusika faraghani bila ndugu kuwepo, na asipelekwe kwenye ushauri nasaha wa kumgeuza. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Madras ilimwachia huru mwanamke wa miaka 25 ambaye polisi walikuwa wamemlazimisha kurudi kwa wazazi.

SWALI: Na yale maandamano ya kila mwaka ya wapenzi wa jinsia moja Chennai? – Msomaji, Arusha

JIBU: Yalianza ufukwe wa Marina mwaka 2009, na kwa kawaida ni Jumapili ya mwisho ya Juni, alasiri, maana jua la Chennai mwezi huo halina huruma. Kibali huombwa kwa Kamishna wa Polisi angalau siku tano kabla. Hatari kubwa kwa mwandamanaji ni picha: ukionekana gazetini Jumatatu, mwenye nyumba na shangazi wote wamejua. Asiye tayari avae barakoa.

SWALI: Wakiisha kuwa pamoja, wana haki gani? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Ndoa ya jinsia moja hakuna; Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilikataa. Mwanamume na mwanamke aliyebadili jinsia wanaweza kuandikisha ndoa ya Kihindu, kwa uamuzi wa 2019 wa tawi la Madurai la Mahakama Kuu ya Madras. Waliobaki wanajijengea ulinzi kwa karatasi.

Agosti 2024 serikali ilieleza kwamba hakuna kizuizi cha kufungua akaunti ya pamoja wala kumteua mwenza kupokea fedha za akaunti mmoja akifariki. Lakini tahadhari: mteuliwa ni mpokeaji tu, warithi wanaweza kumdai. Kwa hiyo waandike wosia. Karatasi ya kawaida inatosha, ilimradi mashahidi wawili waweke sahihi. Kuusajili si lazima, ingawa husaidia ndugu wakija kuubishia. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2017, mtu anaweza pia kumteua mwakilishi wake katika maamuzi ya matibabu ya akili kwa karatasi ya kawaida yenye sahihi yake. Amwandike mwenza mapema, kabla familia haijafikiria kumpeleka hospitali.